Mfereji Wangu na Ukuta wa Bi Somoe

Mwanangu Skola,

Nianze kwa kukukumbusha wewe ni mtoto wa nani. Katika mtaa wetu wote wa Lizaboni, tangu enzi za nyumba za nyasi mpaka hizi za bati, hakuna mwanaume aliyewahi kuyashinda maji ya mvua isipokuwa baba yako. Wenzangu wanakinga ndoo na kuinua magodoro, mimi naketi barazani nimekunja nne, nayatazama maji yakinipita kwa adabu. Waambie hivyo huko chuoni wakikuuliza umetoka kwa nani.

Haya, sasa yafute hayo. Nimeyaandika ili kalamu izoee mkono. Maji sikuyashinda. Niliyatuma kwa mtu mwingine, nikarudi kukaa barazani.

Nakuandikia mchana huu, wewe umekwenda Peramiho kumuaga shangazi yako na utarudi na basi dogo la jioni. Kesho alfajiri unaondoka. Mvua imeanza kudondoka, mama yako yuko ndani anakunja nguo zako mara ya tatu, na mimi nimechukua daftari lako la hesabu la darasa la saba, maana nyuma lina kurasa tupu. Mwandiko usiuchekee. Unajua nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne nililipenda nikalisoma mara mbili.

Mambo ya soksi, vidonge vya malaria, Misa ya Jumapili na vijana wenye maneno matamu, mama yako ameshayasema na atayasema tena mpaka dereva awashe injini. Mimi huko sina nyongeza. Vijana wenye maneno matamu hasa sina la kusema juu yao, maana mama yako aliolewa na mmoja wao.

Langu ni moja tu. Jumapili ile ulipotusomea barua ya chuo, ulifurahi mpaka ukasimama. Ukasema, "Baba, nitajifunza barabara na mifereji. Kazi yenyewe ni kuyaondoa maji mjini haraka iwezekanavyo. Kama mfereji wako."

Mama yako alikuwa anachambua maharage. Akanyanyua macho akanitazama. Wewe hukuona, ulikuwa unaikunja barua. Mimi niliona, na tangu siku hiyo sijalala vizuri, ingawa mama yako atakuambia nakoroma.

Kama mfereji wangu. Mwanangu, ngoja nikuhadithie mfereji wangu.

Wewe ulizaliwa mjini, kwa hiyo kwetu sisi Wamatengo unakujua kwa kutembelea tu. Umeona milima ile ya Litembo jinsi ilivyosimama. Mtu akiteleza shambani kwake, anaokotwa shambani kwa shemeji yake. Lakini udongo wake uko palepale tangu mababu, kwa sababu ya ngoro. Ngoro umeziona, yale mashimo ya mraba yaliyojaa mlima mzima kama matundu ya sega la asali. Mvua inanyesha, kila shimo linakamata maji yake, yanatulia, yanazama taratibu, na mahindi yanasimama kwenye kuta za shimo. Mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari ya kukatana. Mwanamke anachimba katikati na kuzifukia hizo nyasi kwa udongo. Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanaume hachimbi ngoro. Akionekana anachimba, watu wanauliza mkewe anaumwa nini.

Tulipohamia hapa na kupata kiwanja hiki cha mteremko, mama yako hakuniuliza kitu. Alinituma nifyeke nyasi, nikafyeka, akachimba ngoro zake kuanzia nyuma ya nyumba mpaka kwenye mpaka wa chini, anapoishi Bi Somoe. Akapanda mahindi na maharage. Mimi nilikuwa na kibarua cha kuchimba mifereji ya barabarani, ya moja kwa moja, ya kupimwa kwa kamba, na nikirudi nyumbani nakuta mashimo. Baba Otmari, jirani yetu wa juu, na Ungoni wake wote, alikuwa anapita na kusimama kwenye ua.

"Mmatengo," ananiambia, "milima mmeiacha kwenu, mashimo mmekuja nayo ya nini?"

"Ya kukuzikia wewe," nilimjibu, tukacheka. Lakini mimi sikucheka sana.

Kisha ikaja ile miaka ya ruksa. Unaikumbuka kidogo, ulikuwa unaifurahia kwa sababu ya gauni la mitumba lenye vifungo vya dhahabu. Kabla ya hapo, kupata mfuko mmoja wa simenti ulihitaji kibali, na kupata kibali ulihitaji kumjua mtu, na mimi niliyemjua alikuwa mchimba mifereji mwenzangu. Ghafla simenti ikawa inauzwa sokoni kama chumvi. Bati zikaja. Mtaa mzima ukaanza kung'aa. Na mwaka huohuo sisi wa mifereji tukapunguzwa kazini, tukapewa kiinua mgongo na kupeana mikono. Mwenye akili alinunua mbuzi. Mimi kiinua mgongo changu nikakigeuza bati na simenti.

Mama yako alikuwa amekwenda Litembo kumuuguza bibi yako. Akakaa huko kiangazi chote kilichobaki, mpaka mvua zikaanza. Hapo ndipo nikajiona mwanaume. Nikafukia ngoro zake zote, moja baada ya nyingine. Nikasakafia ua mzima, kuanzia nyumba mpaka jikoni. Kisha nikachimba mfereji mmoja kutoka kwenye kona ya nyumba mpaka kwenye mpaka wa chini, nikaupiga simenti chini na pembeni, nikaulainisha kwa mwiko mpaka ukateleza kama sahani. Ulikuwa umenyooka kama rula. Wewe ulikuwa darasa la tano. Ulinishikia kamba upande mmoja, unakumbuka? Ukaniuliza, "Baba, mwisho wake unaishia wapi?"

Nikakujibu, "Unaishia pale kiwanja chetu kinapoishia."

Nililiona ni jibu zuri. Nililitoa kama mhandisi.

Sasa hebu fikiri na mimi, wewe unayekwenda kusomea. Kwanza kulikuwa na paa la nyasi, linalokunywa nusu ya mvua kabla haijashuka. Chini yake udongo. Nyuma ya nyumba mashimo arobaini ya mama yako, au hamsini, sikuwahi kuyahesabu, nilikuwa nayaonea aibu. Mimi nikaondoa vyote. Paa likawa bati, ua ukawa simenti, mashimo yakawa mfereji mmoja wenye haraka. Mvua ileile, mlima uleule. Lakini maji yaliyokuwa yanakuja kwa Bi Somoe kama wageni, mmoja mmoja, wakipumzika njiani, nilikuwa nimeyapanga foleni na kuyapiga teke.

Siku yenyewe unaikumbuka kuliko mimi, ila unaikumbuka vibaya, na kosa si lako. Ilikuwa baada ya saa za shule. Ulikuwa kwa Bibi yako Somoe, umekwenda kupimwa sare ya shule. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa mzima wakati huo. Alitoka kwao Namasakata, huko Tunduru, na marehemu mumewe, na cherehani ile mumewe ndiye aliyemwachia. Alikuwa ameiweka chumba cha nyuma, chini ya dirisha, ukuta wa matofali mabichi. Wewe umesimama kwenye kigoda, yeye ana pini mdomoni. Mvua ikashuka kubwa. Akakumbuka muhogo wake umeanikwa mkekani nje. Akakuambia, "Mjukuu wangu, tukimbie tukauanue muhogo, gauni litangoja."

Mkatoka. Mlikuwa mmeshika mkeka huku na huku ukuta ulipolala chini.

Mimi nilikuwa barazani nimekunja nne. Nilikuwa nautazama mfereji wangu unavyofanya kazi. Mwanangu, sitakudanganya hapa: nilikuwa nafurahi. Maji yalikuwa yanakwenda kwa kasi ambayo hata kule barabarani sikuwahi kuiona, na mdomoni mwa mfereji yalikuwa yanaruka. Niliyafuata kwa macho yalivyoruka, nikaona yanapotua. Yalikuwa yanatua kwenye kona ya chumba cha nyuma cha Bi Somoe. Nikaona kona inayeyuka kama sukari guru. Nikasimama. Kabla sijavaa kandambili ya pili, ukuta ukaanguka, na bati likafuata.

Nilijua uko mle ndani. Nilikuwa nimekutuma mwenyewe.

Nilikimbia mteremko ule sijui kwa miguu ya nani. Nikakukuta umesimama mvuani, mkeka mkononi, umelowa, unatafuna kipande cha muhogo. Nikakubeba. Wewe ukaja kuandika insha shuleni, "Siku Baba Aliponiokoa," ukapata kumi na nane kwa ishirini, mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima. Mama yako anayo mpaka leo kwenye sanduku.

Skola, mimi sikukuokoa. Nilifika umeshaokolewa. Aliyekuokoa ni Bi Somoe na muhogo wake. Na aliyekuwa nusura akuue ni mimi, kwa mwiko na simenti.

Hapo palikuwa pa kusema. Watu walikuwa wamejaa, wengine wanavuta mabati, wengine wanaifukua cherehani kwenye tope. Baba Otmari akasimama katikati, mikono kiunoni, akauliza, "Jamani, haya maji yote yametoka wapi leo?"

Mtu mzima angenyamaza. Mtu mwema angesema. Mimi nikajibu, tena haraka.

"Ni maji ya barabarani," nikasema. "Yametoka juu kabisa, yamepita kwa wote. Na wewe Bi Somoe, si nilikwambia matofali mabichi hayafai?"

Bi Somoe alikuwa ameikumbatia ile cherehani, gurudumu limepinda. Akanitazama, akatikisa kichwa polepole. "Kweli, Baba Skola. Uliniambia."

Mwanangu, sikuwahi kumwambia. Hata siku moja. Alikuwa amechanganyikiwa, au alikuwa na heshima kupita kiasi, sijui. Lakini alinipa uongo wangu mkononi, umeshapigwa muhuri, nami nikaupokea. Kesho yake nikaenda kumsaidia kuzoa tope. Nikazoa siku tatu. Watu wakanisifu. Yeye akaniletea sahani ya vitumbua ya kunishukuru, nikaila yote.

Cherehani haikupona. Ndiyo maana Bibi yako Somoe anauza vitumbua. Wewe unadhani anapenda vitumbua.

Mama yako aliporudi kutoka Litembo, alitua mzigo wake mlangoni. Akatazama ua.

"Mashimo yangu yako wapi?"

"Yako chini ya maendeleo," nikamwambia, maana wakati huo nilikuwa bado na mdomo.

Akavua viatu, akaingia kwenye mfereji wangu, akautembea kwa miguu mitupu kuanzia kona ya nyumba mpaka mwisho. Pale mwisho akasimama, akatazama chini kwa Bi Somoe, chumba cha nyuma hakina ukuta, limetundikwa turubai. Alipopanda kurudi, hakunitukana, na ningefurahi angenitukana. Aliuliza tu, "Utamwambia lini?"

Nikasema, "Nitamwambia."

Tangu hapo kila mwaka mvua ya kwanza ikinyesha, mama yako ananiuliza swali lilelile, mara moja tu, kama mtu anayeuliza kama taa imezimwa. Utamwambia lini? Nami najibu, nitamwambia. Mwaka huu mvua zimenyesha mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Hajauliza. Nilidhani nitafurahi siku atakayonyamaza, kumbe hiyo ndiyo iliyonitisha.

Usifikiri nilikaa bure miaka yote hiyo. Kiangazi kilichofuata nilichukua mtaimbo nikauvunja mfereji wangu, kipande kwa kipande, huku nikiwaambia watu simenti ilikuwa mbovu, imechakachuliwa na wafanyabiashara. Nikavunja na nusu ya sakafu ya ua. Kisha nikafyeka nyasi, nikazilaza kwa mistari ya kukatana, vizuri kabisa, kazi yangu ya kiume. Nikasimama nikamngoja mama yako achimbe.

Mama yako alikuwa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Akasema, "Mimi zangu nilishachimba."

Basi nikachimba. Mimi, mwanaume wa Kimatengo, mwenye ndevu, nikachimba ngoro mchana kweupe katikati ya Lizaboni. Siku ya pili Baba Otmari akaja kuegemea ua.

"Baba Skola, mkeo anaumwa?"

"Haumwi."

"Hayo mashimo?"

"Ya migomba," nikamwambia.

"Migomba thelathini?"

"Napenda ndizi."

Ndiyo sababu, mwanangu, tuna migomba minne nyuma ya nyumba na mashimo thelathini na kitu. Na wewe ulikuja na maswali yako ya darasa la sita. "Baba, mbona mashimo ya migomba yana nyasi chini kama ya Litembo?" Nikakuambia ni maagizo mapya ya bwana shamba. Bwana shamba mwenyewe alipopita, nilikutuma dukani ukanunue kiberiti, tukiwa na viberiti vitatu ndani.

Maji ya bati nikayapeleka kwenye shimo kubwa la juu, likijaa linamwagia la pili, la pili linamwagia la tatu. Mvua ya kwanza nilikaa barazani, sikukunja nne, nilikuwa nimeshika nguzo. Maji yaliingia shimo moja moja. Pale chini kwenye mpaka palitoka kijito chembamba kama mkojo wa mbuzi, kikaenda zake pembeni kwenye nyasi. Nilikaa pale mpaka mvua ikaisha.

Na sasa nikuambie kilichonitesa kuliko vyote. Unakijua kisima cha Bi Somoe, kile kifupi chenye mfuniko wa pipa. Zamani kilikuwa kinakauka kabla hata Oktoba haijafika, anabeba ndoo mpaka bombani. Mwaka wa tatu wa mashimo yangu, kisima hakikukauka. Mvua zikakikuta kina maji. Akapanda mteremko kuja kwangu na sahani, kitambaa juu yake.

"Baba Skola, Mungu mkubwa. Kisima kimekataa kukauka."

"Alaa," nikasema.

"Sijafanya chochote. Nimeamka tu nakuta maji."

"Mungu mkubwa," nikasema.

Unanijua mimi baba yako. Nikipanda mchicha ukaota, mtaa mzima unajua. Na hapa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilikuwa nimefanya jambo la kujisifia, jambo kubwa, na mdomo umefungwa. Maana nikisema kisima ni changu, ataniuliza nilijuaje kwamba maji ya kwangu yanafika kwake. Nikikiri kisima, nimeukiri na ukuta. Kwa hiyo nimekaa miaka na sifa yangu tumboni kama mtu aliyemeza kokwa. Kila mwaka kisima kikivuka kiangazi, analeta vitumbua vya kumshukuru Mungu pamoja na majirani, nami nakula kama jirani.

Kusema haki, hata uhakika sina. Labda ni mashimo, labda ni miaka ya mvua nzuri, labda ni Mungu kweli, sina ugomvi naye. Wewe ndiye utakayenipimia ukisoma. Njoo na vyombo vyako vya chuo uniambie. Na ukikuta si mashimo, usinidanganye kwa kunifurahisha. Uongo kwenye nyumba hii nimeshautosheleza mimi.

Huko chuoni watakufundisha mengi ambayo sitayaelewa hata ukiniandikia kwa herufi kubwa. Watakupa hesabu za mteremko, upana na kasi. Zishike vizuri. Mimi mfereji wangu ulikuwa mzuri, mwanangu, ninakuapia, hata mhandisi angekuja kabla sijauvunja angeupa alama zote. Ulifanya kile ulichotengenezwa kufanya. Ubovu wake haukuwa ndani yake, ulikuwa mita moja baada ya kuisha. Wewe uliniuliza swali la maana ukiwa na miaka kumi na mbili na kamba mkononi, nami nikakujibu kijinga. Uliza tena. Waulize walimu wako, tena ukiwa umekaa mbele. Wakikuambia maji yaondoke haraka, uliza yanakwenda kwa nani. Wakikasirika, waambie una baba mkorofi, umerithi.

Na ukipata kazi, ukapewa mji mzima uufanyie mifereji, utakutana na mama mmoja anayechimba mashimo nyuma ya nyumba yake bila ruhusa ya mtu. Usimfukie. Kaa naye kwanza, akupe kigoda. Mimi nilikuwa na mwalimu wa maji ndani ya nyumba yangu, ananipikia na uji, nikaenda kumsikiliza mfuko wa simenti.

Mvua imekatika sasa. Naona mama yako ametoka, anatazama mashimo kama anavyotazama sufuria.

Ukizunguka nyuma ya choo utaona tanuri langu limepoa. Yale matofali ninayowaambia watu ni ya banda la nguruwe. Sina nguruwe. Ni ya Bi Somoe, ya chumba cha nyuma, yamechomwa mpaka yanalia ukiyagonga. Pale alipoziba kwa fito na udongo, nataka nijenge ukuta wenyewe, kwa mikono yangu. Cherehani siwezi kumrudishia, lakini chumba cha kuiweka akipata nyingine, hicho naweza. Ila siwezi kufika na matofali tu. Nikifika na matofali bila maneno, ataniletea vitumbua tena, na koo langu limekataa.

Kwa hiyo, mwanangu, tufike kwenye deni lako. Ndiyo, unalo deni.

Ulikuwa darasa la sita, mwaka mmoja baada ya ukuta. Mwalimu mkuu aliwatuma mpalilie bustani yake, ukang'oa karoti zote ukaacha magugu, kisha ukasema ni mbuzi wa Bi Somoe. Nilipojua, nilikushika mkono nikakupeleka kwa mwalimu jioni ileile. Ulilia njia nzima. Ulitaka kurudi mara tatu. Nilikuambia neno gani? Nilikuambia, "Twende, mimi nitasimama nyuma yako, wewe sema tu." Ukasema. Mwalimu akacheka, akakupa miche upande upya.

Tulipokuwa tunarudi ulikuwa mwepesi, unarukaruka. Ukaniambia, "Baba, siku na wewe ukiwa na la kwako, nitakusindikiza. Nitakushika mkono."

Nikakuambia mimi sina la kwangu, labda uzuri wangu. Ukacheka sana. Mimi nilikuwa natembea na la kwangu mwaka mzima, nimelibeba mgongoni, na nilikuwa nimetoka kumfundisha mtoto kusema kweli.

Nadai sasa. Daftari hili nitaliweka juu ya begi lako, ulione kabla ya kitu kingine. Soma upesi, kunywa chai, usinitazame sana usoni. Kwa Bi Somoe ni mteremko tu, hatua zisizofika mia, na saa hiyo huwa ameshaswali magharibi, anapepeta mchele wa vitumbua vya kesho. Wewe usiseme neno, nitasema mwenyewe. Simama tu nyuma yangu, na nikitaka kurudi, nivute shati. Baadaye unaweza kunikasirikia, una safari ndefu ya basi ya kukasirikia ndani yake. Na ukitaka kuichana ile insha, usiichane. Badilisha jina la aliyekuokoa tu.

Nitakuwa barazani nimeshavaa koti. Ukinikuta nimelala, najifanya. Niamshe.

Baba yako